Kiangazi Japani: achaneni na Tokyo, shukeni Tokushima. Ngoma usiku, ufukwe mtupu mchana

Mtanga wa Kobe (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ukifika mwezi wa tano napata ujumbe uleule kutoka nyumbani: "Nakuja Japani mwezi wa nane, nitembee wapi?" Nikiuliza mwenzangu umepanga nini, jibu ni Tokyo, Tokyo tena, halafu Mlima Fuji kama mawingu yataruhusu. Nimechoka kumjibu kila mtu kivyake WhatsApp. Nalishusha hapa mara moja, atakayeuliza tena namtumia linki.

Mimi niko Kobe mwaka wa sita sasa, kazi yangu ni kwenye yadi ya magari, haya haya mnayoyapokea bandarini Dar. Na ninyi waagizaji mnaolalamika kwamba katikati ya Agosti yadi hazijibu meseji, hamjatapeliwa. Ni Obon. Tarehe 13 hadi 16 mizimu ya wazee inarudi nyumbani, na walio hai nao wanarudi makwao kuipokea. Ofisi zinafungwa, shinkansen (treni ya kasi) inajaa mpaka milangoni. Hiyo ndiyo likizo yangu pekee ya maana kwa mwaka, na kwa bahati nzuri ndiyo wiki ya ngoma kubwa kuliko zote nilizoziona nchi hii: Awa Odori, mji wa Tokushima, kisiwa cha Shikoku, Agosti 12 hadi 15 kila mwaka.

Kwenda huko hakuhitaji hata treni. Unapanda basi la barabara kuu Kobe, mwendo wa saa mbili hivi umefika. Ukitokea Osaka weka na nusu. Basi linapita juu ya daraja la Akashi Kaikyo, lile la mwaka 1998 ambalo kati ya nguzo zake mbili kubwa kuna mita 1,991 za kuning'inia. Linakata kisiwa cha Awaji, linavuka daraja la pili pale Naruto penye mikondo ya maji inayozunguka kama uji kwenye sufuria, umeingia Shikoku. Mara ya kwanza niliyapita yote haya nimelala. Msirudie kosa langu.

Wazo langu ni hili: usiku uko mjini kwenye vumbi la ngoma, mchana uko ufukweni kusini mwa mkoa huohuo, mahali ambapo siku moja nilihesabu watu tisa na mbwa mmoja. Nakuja na ngoma kwanza.

Kapteni Dau

Siti ya mbele kabisa. Tiririka mkuu.

Msukuma asiyechoka

Nauli ya kwenda na kurudi si ni mtaji wa bodaboda mbili? Na bichi tunazo. Mtu wa Tanga unaachaje Ushongo unakwenda kuogelea Japani?

Mtanga wa Kobe

Ushongo nimekulia, usinitonyeshe kidonda. Simwambii mtu auze kiwanja aje huku. Naongea na anayekuja tayari, awe mwanafunzi, mfanyabiashara au mtu wa semina, ana siku nne mkononi na hajui pa kuzipeleka.

Haya, ngoma.

Wachezaji wako kwenye vikundi vinavyoitwa *ren*, kila kundi na sare yake na wapigaji wake: filimbi za mwanzi, ngoma kubwa na ndogo, shamisen (gambusi la nyuzi tatu, ndivyo ninavyolieleza kwa mama yangu) na *kane*. Kane ni upatu, upatu kabisa, wa kushika mkononi, na ndio unaoshika mwendo. Ukisimama karibu nao, meno yanalia.

Wanawake wanakuja kwa safu, mikono juu, kofia za majani zimekunjwa kama nusu mwezi na kushushwa usoni mpaka unaona kidevu tu. Miguuni wamevaa geta, yaani mitalawanda, na hawakanyagi kwa wayo mzima. Wanasimamia lile jino la mbele, usiku kucha. Wanaume wanachuchumaa chini magoti nje, wengine na feni za karatasi, wengine na taa. Siri ya hatua ni kwamba mkono wa kulia na mguu wa kulia vinakwenda pamoja, kisha wa kushoto na wa kushoto. Inukeni hapo mlipo mjaribu. Mwili unakataa, sivyo?

Wanaimba maneno ambayo kila mtoto wa Tokushima anayajua: anayecheza ni mjinga, anayetazama ni mjinga, basi ikiwa wote tu wajinga, asiyecheza ndiye aliyekula hasara.

Na hawatanii. Kuna kitu kinaitwa *niwaka-ren*, kundi la papo kwa papo. Hulipi, huvai sare, huulizwi umetoka wapi. Mnakusanyika pale palipotangazwa, mnafundishwa hatua kwa dakika chache, mnaingizwa barabarani mbele ya maelfu ya watu. Mwaka wangu wa kwanza mbele yangu alikuwa bibi wa Kikorea na nyuma yangu baba amembeba mtoto mabegani. Sikumbuki nilicheza nini. Nakumbuka nilitoka sauti imenikauka.

Majukwaa ya kukalia yapo, mengine ya bure na mengine ya tiketi. Mwaka 2023 walifikia kuuza viti vya kifahari kwa yeni 200,000. Mtu mzima na akili zake anakaa kwenye kiti cha bei hiyo wakati pembeni kuna kundi linamwita bure!

Bi Forodhani

Kaka yangu, hongera kwa maelezo. Mie nina mambo mawili. Sie wenye mitandio tutatazamwa vipi humo? Na chakula je, maana nasikia kila kitu wanatia nguruwe na pombe.

Mtanga wa Kobe

Dada yangu, mtandio hauna tabu. Kwenye niwaka-ren nimewaona akina dada wa Indonesia na Malaysia na mitandio yao, wanacheza kuliko mimi.

Chakula ndicho cha kuwa macho. Nguruwe utamkwepa ukiuliza. Kinachojificha ni *mirin* na *sake*, pombe za mchele za kupikia, kwenye michuzi na sosi, na rameni (tambi za supu) ya Tokushima supu yake ni mifupa ya nguruwe, hiyo pita mbali. Usalama wako ni samaki wa kuchoma kwa chumvi. Huko wanamkamulia sudachi, kindimu kidogo cha kijani kinacholimwa sana mkoani mle, harufu yake iko katikati ya ndimu na chungwa bichi. Mimi nikila hicho na wali nahisi niko kwetu. Ukiwa unapitia Kobe, nunua kabisa vya njiani kwenye maduka ya halali jirani na msikiti. Huo ndio msikiti wa kwanza Japani, ulifunguliwa 1935, ukavuka mabomu ya vita na tetemeko la 1995 ukiwa umesimama.

Mwana wa Sendai

Mkuu uzi mzuri, ila unaegemea kwenu magharibi. Kaskazini huku Agosti ni moto. Aomori kuna Nebuta, tarehe 2 hadi 7: masanamu ya karatasi yenye taa ndani, makubwa kuliko nyumba, mashujaa wamekunja nyuso. Ukikodi vazi la *haneto* unaingia kurukaruka ukipiga kelele "Rassera!" Usiku wa mwisho baadhi ya masanamu yanapakiwa kwenye vyombo yanatembezwa baharini chini ya fataki. Halafu Akita tarehe 3 hadi 6, mtu anasimamisha mwanzi wa mita 12 wenye taa 46, kilo kama 50, juu ya kiganja, kisha anauhamishia kwenye paji la uso, kisha nyonga. Na Sendai kwetu Tanabata, 6 hadi 8. Mtu akijipanga anazimaliza zote tatu kwa wiki moja, na hali ya hewa inavumilika kuliko huko kwenu.

Mtanga wa Kobe

Nakubali, Nebuta haina mpinzani kwa macho. Hoteli za Aomori wiki hiyo ndizo zina mpinzani.

Kapteni Dau

Na Kyoto je? Nasikia Gion ndiyo mama wa zote.

Mtanga wa Kobe

Gion ni ya Julai, mwezi mzima, na magari yake ya kuvutwa kwa kamba yanatoka tarehe 17 na tena 24. Ilianza mwaka 869 kwa ajili ya kuondoa maradhi ya mlipuko. Ukienda usihangaike kuona gari zima, simama kwenye kona. Gari la tani 12 halina usukani, magurudumu ya mbao hayakati kona. Wanatandika vipande vya mianzi barabarani, wanavimwagia maji, wanapandisha magurudumu juu yake na kulivuta kwa ubavu. Linateleza kidogo kidogo, umati unashusha pumzi kwa pamoja, wanapanga mianzi upya. Kona moja mara tatu au nne. Nimesimama pale juani saa nzima na sijuti.

Lakini Gion unatazama. Ndiyo tofauti yangu mimi.

Mpenda tahadhari

Tuambieni na ubaya wake. Nyuzi za safari humu zote ni asali tupu.

Mtanga wa Kobe

Joto. Chukua Dar ya Februari, ondoa upepo wa bahari, weka lami. Agosti 2025 mji wa Isesaki ulifika nyuzi 41.8, rekodi ya nchi. Usiku haupoi. Nyenje kwenye miti wanapiga kelele kuanzia saa kumi na moja alfajiri kama mtu anakereza chuma. Beba taulo dogo la shingoni, kunywa chai ya shayiri ya baridi, na pipi za chumvi usizidharau.

Vimbunga navyo havina adabu. Mwaka 2019 siku mbili za mwisho za Awa Odori, tarehe 14 na 15, zilifutwa kwa sababu ya kimbunga. 2020 ikafutwa yote kwa korona. Kwa hiyo panga kucheza siku ya kwanza au ya pili, usiseme nitacheza ya mwisho.

Na aibu zangu mwenyewe: mwaka ule wa kwanza nilinunua yukata, kile kivazi chepesi cha pamba, nikajivisha mwenyewe kwa kutazama kioo. Niko kituo cha basi najiona bwana harusi, akaja mama mmoja wa makamo, akanitazama kifuani, akasema neno moja ambalo sikulielewa, akanifungua mkanda hadharani. Watu wote kituoni wakageuza nyuso kwa heshima. Alinifunga upya bila tabasamu, kisha akanipigapiga begani. Jioni rafiki yangu ndiye aliyenieleza: upande wa kulia unatangulia kugusa mwili, wa kushoto unakuja juu. Ukigeuza, hivyo ndivyo anavyovishwa maiti. Nilikuwa nimesimama kituo cha basi na sanda.

Bi Forodhani

😂😂 Mola akulipe kaka, nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Mtanga wa Kobe

Sasa ufukwe, ndilo nililokuja kusema hasa.

Tokushima ni mkoa wenye jambo moja la ajabu kwa Japani: reli zake zote ni za dizeli, hakuna hata treni moja ya umeme. Kwa hiyo watu wa huko hawasemi *densha*, gari la umeme, kama Wajapani wengine. Wanasema *kisha*, gari la mvuke. Wakuu, ni gari moshi! Neno lilelile la babu zetu. Kila nikimsikia mzee wa kule akisema anangoja kisha, nami namaliza sentensi kichwani: kisha nini?

Basi, kisha ya njia ya Mugi inatoka Tokushima kwenda kusini, behewa moja au mawili, inapita mashamba ya mpunga na mahandaki mafupi. Baada ya stesheni ya Yuki kuna stesheni inaitwa Tainohama ambayo ipo kwa ajili ya kiangazi tu. Haina jengo. Ni jukwaa la zege, unashuka, hatua chache uko kwenye mchanga, na bahari iko mbele yako imetulia ndani ya ghuba. Msimu wa kuogelea ukiisha, kisha haisimami tena hadi mwaka unaofuata. Ratiba ya kusimama hubadilika kila mwaka na siku hizi ni siku chache, kwa hiyo iangalieni kabla. Ikishindikana teremkeni Yuki mtembee. Nilikaa pale tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa. Kulikuwa na banda moja linalouza barafu ya kusaga yenye sharubati, familia mbili, na wale watu tisa na mbwa niliowataja. Kila baada ya muda mrefu inapita kisha nyuma yako, dereva anapunga.

Nalala mbele kidogo, Hiwasa, kwenye *minshuku*, nyumba ya wageni ya kifamilia ambapo mama mwenye nyumba ndiye mpishi. Hoteli za Tokushima mjini wakati wa ngoma usizitegemee, zimekwisha miezi kabla. Kando ya stesheni ya Hiwasa kuna kidimbwi cha maji ya moto cha kuloweka miguu. Baada ya usiku wa ngoma, mniombee dua kwa taarifa hiyo.

Juu ya mji kuna hekalu la Yakuoji, la 23 kati ya yale 88 ya hija ya Shikoku. Wao wana umri wa nuksi: mwanamke 33, mwanaume 42. Kwa hiyo ngazi za kupanda ni 33 za akina mama, kisha 42 za akina baba, na unaacha sarafu ya yeni moja kwenye kila kipandio ili nuksi ibaki hapo. Sarafu za alumini, nyepesi kama ganda la kitunguu, zimetapakaa kote, unapanda ukiruka ruka usizikanyage. Nilikuwa na miaka 41, nikajiona nimepona. Mzee aliyekuwa anafagia akanihesabia kwa hesabu ya jadi, ambayo mtoto anazaliwa tayari ana mwaka mmoja. Nikarudi chini dukani kuchenji.

Mgiriama wa Kilifi

Ndugu yangu, umetaja Obon na bahari. Nina jirani aliyesoma Japani aliniambia baada ya Obon hawaingii majini. Ni kweli? Maana nyanya yangu alitukataza kuoga baharini jua likizama, akisema kuna wenyewe.

Mtanga wa Kobe

Kweli kabisa. Wazee wanasema mizimu inayorudi zake inakushika miguu. Vijana watakwambia sababu ni viwavi vya baharini, ambavyo kuanzia katikati ya Agosti vinajaa na vinawasha kama upupu, pamoja na mawimbi mazito yanayosukumwa na vimbunga vilivyo mbali. Sina ubavu wa kubishana na nyanya wa pande mbili za dunia. Kwa hiyo mpango wangu ni ufukwe kwanza, tarehe 10 na 11, halafu ngoma 12 na 13. Tarehe 11 ni sikukuu ya milima, wengi wanakwenda juu, sisi tunashuka chini.

Mwana wa Sendai

Huku mashariki kwa ajili ya hao wageni wa Obon, mizimu, watu wanachukua tango wanalichomeka vijiti vinne linakuwa farasi, na biringanya linakuwa ng'ombe. Farasi wa kuwaleta haraka, ng'ombe wa kuwarudisha polepole. Mama mwenye nyumba wangu anaviweka kila mwaka, na kila mwaka paka anakula farasi.

Mpenda tahadhari

Viza?

Mwana wa Sendai

Mtanzania na Mkenya wote tunahitaji. Unaomba ubalozini kabla ya safari, Dar au Nairobi. Wanataka ratiba yako ya siku kwa siku na uthibitisho wa fedha. Ukialikwa, mwenyeji naye ana karatasi zake za kujaza. Anza mapema, na hiyo ratiba iandike kweli, usinakili ya mwenzako.

Kapteni Dau

Mtanga, turudi Hiwasa. Mimi ni wa Mafia, nimewahi kusikia kasa wanapanda huko. Uliwaona?

Mtanga wa Kobe

Uliza hivyo hivyo mzee, nilikuwa nalikwepa.

Ufukwe wa Ohama uko dakika kama ishirini kwa miguu kutoka stesheni. Ni mita 500 tu za mchanga, na tangu 1967 unalindwa na taifa kama kumbukumbu ya asili, pamoja na kasa wake. Si kasa wa kijani kama wenu wa Juani, hawa ni wale wa vichwa vikubwa, Caretta. Wanafunzi wa sekondari ya pale walianza kuwachunguza mwaka 1950. Vifaranga vikitoka hapo vinavuka Pasifiki nzima mpaka upande wa Meksiko kukulia, halafu wakikomaa wanarudi. Siku hizi wanaopanda wamepungua sana. Msimu wao taa za ufukweni zinazimwa, na huruhusiwi kumulika tochi usiku.

Nilikesha juu ya ukuta usiku wa tarehe 10. Giza, mbu, hakuna kitu. Saa nane nikaenda kulala. Alfajiri nikarudi, nikamkuta mzee amevaa kofia ya majani ameinama mchangani na fimbo ya kupimia. Kutoka majini palikuwa na njia imechorwa, pana kama ya tairi la trekta, inapanda mpaka karibu na majani. Hapo juu imepinda. Halafu nyingine kando yake inarudi baharini. Hakuna shimo.

Nilimuuliza kwa Kijapani changu cha yadi ya magari, kwa nini hakutaga? Alinyoosha fimbo kuelekea kwenye ukuta, pale pale nilipokuwa nimekaa, akasema huenda mtu aliwasha simu.

Simu yangu ilikuwa imezimwa. Niliizima tangu saa tatu usiku. Nadhani.